Dinari ya Kaisari na Butega za Ziwa Kivu

Msomaji wa Kiswahili anayedhani kwamba sarafu za Wayunani na Warumi wa kale hazimhusu hata kidogo amekuwa akizitaja kwa kinywa chake tangu utotoni bila kujua. Dinari, neno analolikuta katika Injili pale Yesu anapoletewa fedha ya kodi, ni denarius ya Kirumi iliyopita katika lugha kadhaa za mashariki kabla ya kufika pwani ya Afrika pamoja na Kiarabu. Dirhamu ni drachma ya Wayunani iliyopitia Uajemi. Na fulusi, neno la zamani la pesa, limetokana na fals ya Kiarabu, ambayo nayo ni follis, sarafu ya shaba ya dola ya Kirumi. Hata mchuuzi wa Minova, kwenye Ziwa Kivu, anaposemwa kuwa amefilisika, chanzo cha neno hilo ni kitenzi cha Kiarabu kinachomhusu mtu aliyeishiwa na fedha na dhahabu akabaki na fulusi za shaba peke yake. Lugha imezihifadhi sarafu hizo kwa uaminifu kuliko makabati mengi ya makumbusho, nayo imefanya hivyo kwa sababu maneno, tofauti na vitu, hayafungiwi na mtu mmoja sandukuni. Jambo hilo ndilo kiini cha kazi ya wakusanyaji wa sarafu za kale, kazi ambayo watu wa nje huidhania kuwa ni uchu wa mali, ilhali sehemu yake yenye faida kwa wengine ni kupashana habari.

Sarafu ya kale ni kipande cha madini kilichopimwa uzito na kutiwa alama ya mwenye mamlaka, ili anayekipokea asilazimike kukipima upya kila mara. Zile za kwanza zinazojulikana katika nchi za Bahari ya Kati zilitengenezwa Lidia, upande wa magharibi wa Uturuki ya leo, katika karne ya 7 KK, yaani kabla ya Kristo, kwa elektrumu, mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Fundi aliweka kipande hicho juu ya muhuri wa chuma uliochongwa picha kwa kinyume na kukazwa kwenye fuawe, akashika muhuri wa pili juu yake, kisha akaupiga kwa nyundo, na kwa pigo hilo pande zote mbili zikapata sura zake kwa mara moja. Kwa kuwa kila pigo lilikuwa la mkono, hakuna sarafu mbili zinazofanana kabisa. Lakini zilizopigwa kwa muhuri mmoja hubeba kasoro zilezile, kama ufa mdogo au herufi iliyochongwa vibaya, na mtu mwenye lenzi na subira anaweza kuzitambua kuwa ndugu hata kama moja iko Nantes na nyingine Oxford. Hapo ndipo ilipo siri ya fani nzima, na ni vizuri msomaji aikumbuke, maana itarudi baadaye.

Wayunani waliipokea kazi hiyo mapema na kuifanya sanaa. Mji wa Athene, uliokuwa na machimbo ya fedha huko Laurion, ulitoa sarafu nzito ya drakma nne, yenye gramu 17 hivi, ambayo upande mmoja ilikuwa na kichwa cha mungu wa kike Athena na upande wa pili bundi, ndege ambaye watu wengi wa Kivu wasingependa kumwona juu ya paa, seuze kwenye pesa. Warumi walianzisha dinari yao ya fedha kunako mwaka 211 KK, na baada ya dola kuangukia mikononi mwa makaisari, kila mtawala mpya aliharakisha kupiga sarafu zenye sura na jina lake, kwa kuwa katika nchi isiyo na gazeti wala redio, pesa ndiyo iliyokuwa tangazo lililofika hadi kwa mchunga mbuzi. Dinari inayopendwa kuliko zote na wakusanyaji Wakristo ni ile ya Kaisari Tiberio, yenye sura yake upande mmoja na mwanamke aliyeketi upande wa pili, iliyopigwa mjini Lyon katika Ufaransa ya leo, kwa kuwa inaaminika kuwa ndiyo iliyoonyeshwa katika kisa cha kodi. Vivyo hivyo vile vipande 30 vya Yuda hudhaniwa kuwa shekeli za mji wa Tiro, kwa kuwa ndizo zilizokubaliwa kwa kodi ya Hekalu mjini Yerusalemu, ingawa, kwa kejeli ya historia, zilikuwa na kichwa cha Melkart, mungu wa Wafoinike. Hakuna awezaye kuthibitisha mojawapo ya mambo haya mawili, na bei ya dinari ya Tiberio sokoni inapandishwa na imani kuliko na uadimu wake, maana sarafu yenyewe si adimu.

Tabia ya kupeana sarafu za zamani ni kongwe karibu sawa na sarafu zenyewe. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anaeleza kwamba Augusto alikuwa akiwapa watu zawadi wakati wa sikukuu, na miongoni mwa zawadi hizo zilikuwamo sarafu za wafalme wa kale na za nchi za kigeni. Mwaka 1354 mshairi wa Italia, Petrarca, alimpa mfalme Karl wa Nne sarafu za makaisari wa Kirumi ili awatazame watangulizi wake na kujifunza kwao. Katika karne ya 19 wapenzi wa fani hii walianza kuunda vyama rasmi, kile cha London mwaka 1836 na kile cha New York mwaka 1858, na kazi kubwa ya vyama hivyo imekuwa kuchapisha, yaani kuhakikisha kwamba kilichoonwa na mmoja kinaonwa na wote.

Faida ya kuchapisha haionekani mahali popote wazi kuliko katika kisa cha Domitianus. Mwaka 1900, karibu na Nantes nchini Ufaransa, ilipatikana sarafu yenye jina la kaisari huyo, aliyejitangaza kwa muda mfupi huko Galia kunako mwaka 271 BK, yaani baada ya Kristo. Lakini kwa kuwa ilikuwa peke yake, wataalamu waliitilia shaka, wengi wakaona ni ya kughushi, na Domitianus akabaki kama uvumi kwa muda wa karne nzima. Mwaka 2003, huko Chalgrove katika jimbo la Oxfordshire nchini Uingereza, mtu aliyekuwa akitembea shambani na kifaa cha kutambua madini alikuta chungu chenye sarafu karibu 5,000, na ndani yake ilikuwamo ya pili yenye jina lilelile. Zilipolinganishwa, zilionekana kuwa zimepigwa kwa mihuri ileile, jambo ambalo mghushi asingeweza kulifanya kwa sarafu iliyokuwa bado imezikwa katika nchi nyingine. Mtawala mzima akarudi katika historia kwa sababu aliyekiokota chungu hakukificha, na kwa sababu waliotangulia walikuwa wameitunza na kuichora ile ya kwanza hata walipokuwa hawaiamini.

Afrika Mashariki inao mfano wa kinyume chake, nao unauma. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 BK, kinachojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja pwani ya Azania na mji wake wa biashara, Rhapta, ambako wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo na kuondoka na pembe za ndovu. Kitabu hichohicho kinapotaja bandari za India na ile ya Adulis, katika Eritrea ya leo, kinasema kwamba pesa za Kirumi zilipelekwa huko. Kwa Rhapta hakitaji pesa. Kwa hiyo mtu anayetafuta sarafu za Kirumi kwenye pwani ya Waswahili anapaswa kutegemea chache tu, na kila inayopatikana ina uzito mkubwa. Kunako mwaka 1913 nahodha Mwingereza aliyeitwa Haywood alisema amepata huko Bur Gao, kusini mwa Somalia, sarafu za wafalme wa ukoo wa Ptolemayo waliotawala Misri, za makaisari kama Nero na Trajano, na pamoja nazo za Wamamluki na za Waturuki zilizotengenezwa zaidi ya miaka 1,000 baadaye. Habari zilichapishwa miaka mingi baada ya tukio, tabaka la udongo sarafu hizo zilimotoka halikuchorwa, na mchanganyiko wa nyakati ulikuwa wa ajabu kiasi kwamba wanaakiolojia waliofuata, akiwamo Neville Chittick aliyekuwa amechimba Kilwa, waliona vigumu kuutegemea. Inawezekana ni dafina halisi, yaani mali iliyozikwa. Inawezekana pia ni mkusanyo wa msafiri fulani uliopotelea pale. Sarafu zenyewe ni za kweli, ila kwa historia ya pwani zimekuwa karibu bubu.

Linganisha na Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, ambako mwaka 1984 ilifukuliwa dafina ya vipande vidogo vya fedha zaidi ya 2,000, vingine vyepesi kuliko kucha, pamoja na dinari chache za dhahabu zikiwamo za Wafatimi wa Misri. Vile vya fedha vilipigwa na watawala wa pwani yenyewe, vikiwa na maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa vina, kila upande ukimalizia mshororo wa upande mwingine, na humo yamo majina ya watawala ambao baadhi yao maandiko yaliyobaki hayawataji. Kwa kuwa wachimbaji waliandika kila kitu, wanahistoria leo wanajua kwamba Waswahili walikuwa wakipiga fedha yao karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kutia nanga. Sarafu za shaba za Kilwa zilisafiri mbali vilevile: moja, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, ilikutwa Zimbabwe Kuu, na nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi wa Australia katika kisiwa cha pwani ya kaskazini ya nchi yake, zikakaa kwake zaidi ya miaka 30 kabla hajazipeleka kutambuliwa. Zilifikaje huko? Watafiti wamekwisha kurudi kwenye kisiwa hicho kutafuta jibu, nao hawajalipata.

Ziwa Kivu liko mbali na njia hizo zote, na Mrumi hakulijua. Hata hivyo, mwambao wa Buhavu, ambao Minova ni mojawapo ya bandari zake za kaskazini, una historia ya pesa iliyo ya kipekee, na mkusanyaji wa Ulaya angeitamani kama angeifahamu. Kabla ya ukoloni, biashara ya ziwa hili ilitumia butega, yaani bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea. Watembo wa misituni, magharibi mwa ziwa, walizitengeneza. Wahavu wa mwambao na wa kisiwa cha Idjwi walizipitisha. Nazo zikavuka kwa mitumbwi hadi Rwanda, ambako zilivaliwa miguuni kama pambo na kubadilishwa kwa mifugo na vyakula. Ilikuwa pesa kwa maana zote ambazo dinari ilikuwa pesa, isipokuwa haikuwa na sura ya mfalme yeyote, na huenda hiyo ndiyo sababu vitabu vya sarafu huisahau, ilhali misalaba ya shaba ya Katanga, iliyozikwa pamoja na wafu katika bonde la Upemba karne nyingi zilizopita, inatajwa kila mahali.

Kisha zikaja pesa za madini, tena kutoka pande mbili zinazotazamana. Upande wa magharibi, Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili ilianza mwaka 1887 kutoa faranga za fedha zenye kichwa cha mfalme na senti za shaba zenye nyota na tundu katikati, zilizoweza kutungwa kwenye uzi kama shanga. Upande wa mashariki, ng'ambo ya maji, Wajerumani walitumia rupia ya fedha, ambayo tangu mwaka 1904 iligawanywa katika heller 100, na kutoka neno hilo Kiswahili kilipata hela. Mpaka kati ya tawala hizo mbili, uliowekwa kwa mapatano ya mwaka 1910, ulipita majini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliiteka Idjwi, na mwaka 1916 askari wa Kongo ya Kibelgiji waliwarudisha nyuma hadi wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Mjini humo, kabla ya kuondoka, Wajerumani waliokuwa wamezingirwa baharini walikuwa wametumia karakana ya reli kupiga pesa za dharura: heller za shaba, na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya milima, 16,198 kwa jumla, ambazo leo ni miongoni mwa sarafu za Kiafrika zinazogombaniwa zaidi na wakusanyaji.

Rupia yenyewe imetoweka, lakini uzito wake haukutoweka. Ilikuwa na gramu 11.66, sawa na rupia ya India, na uzito huo ndio unaoitwa tola, kipimo ambacho wanunuzi wa dhahabu wa mashariki ya Kongo wanakitaja hadi leo. Ndivyo ilivyokuwa kwa drakma pia, ambayo iliendelea kuwa jina la uzito katika maduka ya dawa ya Ulaya karne nyingi baada ya Athene kupoteza enzi yake.

Kuna mambo mengine mawili ambayo msomaji wa Kivu huyaelewa upesi kuliko profesa wa Ulaya. La kwanza ni kuoza kwa pesa. Dinari, iliyokuwa karibu fedha tupu wakati wa Augusto, ilipunguzwa hatua kwa hatua, hata kufikia miaka ya 260 BK ile iliyoichukua nafasi yake, iliyohesabiwa kuwa dinari mbili, ilibaki na fedha isiyozidi asilimia chache, iliyopakwa juu juu ili ing'ae ikiwa mpya. Zaire iliyozinduliwa na Mobutu mwaka 1967 kwa thamani ya dola 2 za Marekani ilipitia njia hiyo kwa haraka zaidi: mwaka 1993 zaire milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 kwa faranga moja ya Kongo, maana yake faranga hiyo moja ilikuwa sawa na zaire za kwanza bilioni 300. Vipande vya likuta na makuta vilivyobaki majumbani, baadhi vyenye chui na vingine vyenye sura ya Mobutu, ni ushahidi wa anguko hilo, na kwa kuwa Kongo ya leo inafanya biashara kwa noti peke yake, mtoto wa Minova anaweza kukua bila kushika sarafu ya nchi yake, huku wenzake wa Gisenyi, nchini Rwanda, wakizihesabu za kwao kila siku.

La pili ni dafina. Sehemu kubwa ya sarafu za Kirumi zilizopo duniani zimetoka katika vyungu vilivyozikwa na watu ambao huenda wengi wao walikuwa wakikimbia, hasa katika vurugu za karne ya 3, na kila chungu kilichobaki ardhini ni cha mtu ambaye hakurudi kukichukua. Katika mji kama Minova, ambao umepokea wakimbizi mara nyingi kuliko inavyohesabika, na ambao wenyewe ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, jambo hilo halihitaji ufafanuzi.

Kuhusu namna ya kuzitunza, makosa ni machache lakini hayarekebishiki. Sarafu ya zamani haisuguliwi kwa mchanga, majivu wala ndimu, kwa kuwa ile ngozi ya kijani au nyeusi iliyojengeka juu yake ndiyo inayoikinga, nayo ni shahidi wa umri wake. Zikishang'arishwa, ya kughushi na ya kweli hufanana. Haipelekwi kwa sonara ikayeyushwe kuwa pete, kosa ambalo limemaliza rupia nyingi. Anayetaka kununua sarafu inayodaiwa kuwa ya Kaisari autazame ukingo wake kwanza, maana ya kughushi mara nyingi humiminwa katika kalibu na kubaki na mstari wa maungio, kisha aipime kwa mizani ya dhahabu, ambayo Kivu haikosekani. Na kwa vitu vinavyofukuliwa katika ardhi ya Kongo, ipo sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inayolinda mali za utamaduni, kwa hiyo anayevusha mpaka na msalaba wa shaba wa Katanga mfukoni hapaswi kujiita mkusanyaji.

Linalobaki ni karatasi. Sarafu yenye tundu iliyoachwa na babu ikiwa peke yake ina thamani ndogo tu. Ikiambatana na karatasi inayosema babu aliipata wapi, kwa kazi gani na mwaka gani, inakuwa hati ambayo hakuna makumbusho yenye nyingine kama hiyo. Kwa butega hali ni ngumu zaidi, kwa sababu nyuzi huoza na hakuna mtu atakayewahi kufukua chungu cha butega. Mwanahistoria David Newbury, aliyeandika juu ya biashara hiyo, alizipata habari nyingi kwa kuwauliza wazee wa Idjwi katika miaka ya 1970, na wazee hao wengi wameshafariki. Mwenye bibi aliyesikia kwa mama yake jinsi bangili hizo zilivyohesabiwa sokoni, na zilikuwa ngapi kwa mbuzi mmoja, amwulize mwaka huu, tena aandike.